Umati hauwezi kitu bila kijumbe

Harusi ya siku hizi huanzia kwenye simu. Kamati ikishaundwa, kundi la WhatsApp hufunguliwa, ndugu na marafiki huingizwa humo wapende wasipende, na kila jioni orodha hupandishwa upya: majina, safu ya ahadi, safu ya taslimu, jumla na upungufu. Pesa zenyewe huingia kwa simu kutoka Mbeya, Mombasa, hata Muscat. Anayetazama kwa mbali ataona maajabu ya teknolojia, watu mia mbili wasiojuana wote wakikamilisha bajeti ya mamilioni kwa vikao vitatu tu vya ana kwa ana. Lakini mwondoe mtu mmoja, na kundi zima litabaki baraza la soga. Mtu huyo ni mweka hazina. Yeye ndiye anayejua kwamba muamala ulioingia kwa jina la mwanamke asiyefahamika ni mchango wa mjomba aliyetumia simu ya mkewe. Yeye ndiye anayemkumbusha baba mdogo ahadi yake pasipo kumvunjia heshima, na ndiye anayekataa kuandika "taslimu" mbele ya jina la mtu kwa sababu tu mtu huyo ameandika "nimetuma".

Sifa zinazomiminwa juu ya mitandao ya watu wengi huupita upande huo haraka. Kwa karibu miaka ishirini tumeaminishwa kwamba simu na kompyuta zikishaunganisha watu wa kutosha, pesa, maarifa na ukweli vitajitokeza vyenyewe kutokana na wingi wao. Naona mambo yako kinyume. Kila mahali ambapo teknolojia hii imewasaidia watu wetu kufanya jambo la maana kwa pamoja, ukichunguza utakuta wachache waliopokea, waliohakiki, waliopanga, na waliokubali kuulizwa mambo yanapoharibika. Wacheza upatu wanalijua hili tangu zamani. Upatu una wanachama, lakini pia una kijumbe, anayekusanya michango na kuigawa kwa zamu, na mtu mwenye akili zake humtazama kijumbe kwanza, ndipo aulize idadi ya wachezaji na kiasi cha mchango. Mara nyingi pia kila anayepokea humtoa kijumbe kidogo, maana kazi ni kazi. Upatu tumeuhamishia kwenye simu kwa namna mia moja. Malipo ya kijumbe tumeyaacha njiani.

Mfano unaotajwa kuliko yote katika Afrika Mashariki ni Ushahidi. Wakenya walipiga kura tarehe 27 Desemba 2007. Matokeo ya urais yalipotangazwa tarehe 30 nchi iliwaka moto, na siku hiyohiyo serikali ikapiga marufuku matangazo ya moja kwa moja. Ory Okolloh, mwanasheria aliyekuwa na ukurasa wake mtandaoni, akajikuta amegeuka chumba cha habari cha taifa: watu walimletea taarifa za mauaji, uporaji, uchomaji wa nyumba na vizuizi vya barabarani, nyingi kupita uwezo wa mtu mmoja kuzisoma na kuzichapa. Tarehe 3 Januari 2008 aliuliza hadharani kama wapo wataalamu wa kompyuta wanaoweza kuziweka taarifa hizo kwenye ramani. Baada ya siku chache Erik Hersman, David Kobia, Juliana Rotich na wenzao walikuwa wamesimamisha mfumo uliopokea habari kwa ujumbe mfupi wa simu au kwa fomu ya mtandaoni na kuzionyesha mahali zilipotokea. Programu hiyo, iliyotungwa kwa haraka ya msiba, baadaye ilitumika katika nchi nyingi duniani.

Simulizi ya Ushahidi kwa kawaida hukomea hapo: raia walituma, ramani ikajaa, dunia ikaona. Kinachoachwa ni kwamba taarifa hazikujipandisha kwenye ramani. Mtu akiandika "wanachoma nyumba karibu na kituo", ni kituo kipi? Kipo cha polisi, kipo cha mafuta, kipo cha kupigia kura. Lazima awepo mtu anayeijua Eldoret kuliko ramani inavyoijua, atafute mahali penyewe, alinganishe na habari za magazeti au za mashirika yaliyokuwa mashinani, kisha aamue kama taarifa iwekwe na kama itiwe alama ya kuthibitishwa. Katika ghasia zilizoua watu zaidi ya 1,100, alama hiyo haikuwa pambo. Uvumi mmoja uliopewa sura ya ukweli ungetosha kuwapeleka vijana wenye mapanga kwenye mtaa usio na kosa. Wenye Ushahidi walilielewa jambo hili mapema kuliko wasifiaji wao. Uchaguzi mkuu wa Machi 2013 ulipofika, waliojitolea kwenye mradi wao wa Uchaguzi waligawanywa vikosi: wa kusoma ujumbe, wa kutafsiri, wa kutafuta mahali, wa kuhakiki, wa kufikisha jambo la dharura kwa wahusika. Mstari mmoja aliouandika raia ulipita mikononi mwa watu kadhaa kabla ya kuwa nukta kwenye ramani.

Haiti ilithibitisha hilohilo kwa lugha nyingine. Baada ya tetemeko la tarehe 12 Januari 2010, walionusurika waliweza kutuma ujumbe kwa namba fupi ya 4636, na wengi waliandika kwa Krioli, lugha ambayo waokoaji wengi wa kigeni hawakuielewa. Programu ilikuwa ileile iliyozaliwa Kenya. Kilichoipa maana ni Wahaiti waliokuwa ughaibuni, ambao walikesha wakitafsiri, na ambao walijua kwamba duka fulani liko kwenye kona fulani ya Port-au-Prince hata kama barabara yake haikuwa na jina kwenye ramani yoyote.

Upande wa pili wa shilingi ulionekana karibu na wakati huo, tena katika lugha yetu wenyewe. Wikipedia ya Kiswahili ilianza mwaka 2003 na ilikuwa ikikua polepole kwa mikono ya wahariri wachache sana. Mwishoni mwa 2009 Google iliandaa shindano kwa wanafunzi wa Kenya na Tanzania: andika makala, hasa kwa kutafsiri kutoka Kiingereza, ushinde kompyuta ndogo au simu. Mamia ya makala yaliingia kwa muda mfupi. Kwa hesabu ya umati, huo ulikuwa ushindi mkubwa. Wahariri wa zamani, ambao hawakuwa na zawadi yoyote, ndio walioachiwa kuoanisha istilahi, kurekebisha tafsiri zenye harufu ya mashine, na kuamua nini kifutwe. Shindano lilipokwisha, washiriki wengi hawakurudi tena. Siwalaumu wanafunzi hao, walifanya walichoombwa. Walioandaa ndio waliokosea mahali pa kuweka zawadi. Waliwalipa wenye kuongeza, wakawasahau wenye kutunza, na kila makala mpya isiyo na mtunzaji ikawa mzigo kwa waliobaki.

Ramani zina historia kama hiyo, ila ndefu zaidi na yenye matumaini zaidi. Kibera, mtaa ambao kila mwandishi wa kigeni aliyefika Nairobi aliuandikia, kwenye ramani za mtandaoni ulikuwa doa tupu hadi mwaka 2009, vijana wa mtaani hapo walipofundishwa kutumia vifaa vya GPS na kuuchora kwenye OpenStreetMap, ramani huria ambayo mtu yeyote anaweza kuihariri. Walichora vichochoro, zahanati, vyoo, mabomba ya maji, shule. Wakati huo ilikuwa kawaida kusikia kwamba Kibera ina watu milioni moja. Sensa ya mwaka huohuo ilihesabu karibu 170,000. Tofauti hiyo ingepasa kuwaonya wanaodhani kwamba jambo likirudiwa na wengi linazidi kuwa kweli. Dar es Salaam nayo ilianzisha Ramani Huria mwaka 2015, katika jiji lililokuwa bado linakumbuka mafuriko ya Desemba 2011, yaliyoua makumi ya watu na kuwahamishia wengine Mabwepande. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Ardhi na wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitembea na wenyeji wa kata zinazofurika, wakachora nyumba na mitaro, wakiwauliza wakazi maji hufika wapi. Bibi anayejua kwamba maji ya masika huishia kwenye kizingiti cha tatu ana data ambayo setilaiti haina. Lakini data hiyo haikuingia kwenye ramani kwa sababu bibi ana simu. Iliingia kwa sababu kijana mwenye fomu alisimama mlangoni kwake, akauliza, akaandika, na mwenzake akakagua alichoandika.

Mwenye kutetea umati atanijibu kwa ng'ombe wa Plymouth. Mwaka 1906 kwenye maonyesho ya kilimo huko Uingereza, watu karibu 800 walilipa senti zao kukisia uzito wa ng'ombe dume baada ya kuchinjwa na kusafishwa, na mwanatakwimu Francis Galton akazichukua kadi zao akazipiga hesabu. Kisio la katikati lilikuwa ratili 1,207. Uzito wenyewe ulikuwa 1,198. Kosa halikufika asilimia moja, na katika umati ule wengi hawakuwa wachinjaji. Hoja hii ni nzito na sina nia ya kuipuuza. Ila tazama masharti yaliyoifanya isimame. Kila mtu aliandika kisio lake peke yake, kwenye kadi, na alikuwa amelipia kukisia, hivyo utani ulipungua. Jibu lilikuwa namba moja inayoweza kupimwa kwa mizani. Na kabla ya kupiga hesabu, Galton alizitupa kadi 13 zilizokuwa na kasoro au zisizosomeka, akabaki na 787. Hata muujiza wa Plymouth ulikuwa na mtu wa kuchambua kadi. Kwenye kundi la simu masharti hayo hayapo: wa pili ameshaona alichosema wa kwanza, wa tatu anamwogopa wa pili, na hakuna mizani.

Zipo kazi ambazo umati unaweza kuzifanya pasipo msimamizi, nami nakubali. Rangi nyekundu inayoonekana kwenye ramani ya simu wakati wa foleni ya Ubungo hutokana na mwendo wa simu zilizo barabarani, na hakuna anayekaa kuzihakiki moja moja. Inawezekana kwa sababu kinachokusanywa ni mwendo, si maneno, na dereva aliyekwama hana faida ya kudanganya kwamba amekwama. Pale mtu anapotaka kudanganya, mfumo hulegea. Februari 2020 msanii Simon Weckert aliburuta kigari chenye simu 99 kwenye mitaa ya Berlin, na ramani ya Google ikaonyesha foleni katika barabara iliyokuwa tupu. Lilikuwa jaribio la kisanaa, halikumdhuru mtu. Kwenye siasa, dawa, mikopo na misiba, wenye faida ya kudanganya hawahesabiki, wala hawahitaji kigari.

Kuna jibu jingine, nalo ndilo linalovuma sasa: kazi ya kijumbe itafanywa na mashine. Programu itasoma ujumbe, itatambua uongo, itapanga orodha. Sehemu ya kazi hiyo kweli inafanyika, na mweka hazina yeyote angefurahi kupata programu inayosoma miamala na kujaza safu ya taslimu. Lakini mashine hizi zilijifunza kwa nani? Tangu 2019 jijini Nairobi kulikuwa na ofisi ambamo vijana kutoka nchi mbalimbali za Afrika walichuja maudhui ya Facebook kwa niaba ya Meta, wakiwa wameajiriwa na kampuni ya Sama, wakitazama video za mauaji na ubakaji ili sisi wengine tusizione. Daniel Motaung, aliyewahi kufanya kazi hiyo, alizishtaki kampuni hizo mbili mwezi Mei 2022. Wenzake 184 walifungua kesi yao Machi 2023. Na Septemba 2024 Mahakama ya Rufani ya Kenya ikaamua kwamba Meta inaweza kushtakiwa nchini humo. Kampuni hizo zimepinga madai dhidi yao. Januari 2023 jarida la Time liliripoti kwamba wafanyakazi wa Sama waliosaidia kuifundisha ChatGPT kutambua maneno machafu walibaki na kiasi kisichofika dola mbili kwa saa. Kwa hiyo tunaposema mashine imemwondoa mtu wa kuhakiki, tunachosema hasa ni kwamba amehamishiwa jengo lingine, asikoonekana, na ujira wake umekuwa siri ya mkataba. Mbaya zaidi, aliyepo kwenye jengo hilo hamjui mjomba wala mkewe. Sheng ya Eastlands, Kiswahili cha Goma na kejeli za Kimrima zinamfikia kama sentensi kavu, na ana sekunde chache za kuamua.

Pingamizi lililo gumu kuliko yote halitoki kwa wapenda teknolojia. Linatoka kwa yeyote aliyewahi kuonja jeuri ya admini. Anayehakiki ana mamlaka, na mamlaka huota mizizi. Kuna waweka hazina wanaokula michango, kuna maadmini wanaomtoa mtu kwa kuuliza swali, na wahariri wanaoigeuza ensaiklopidia shamba la ukoo. Kijumbe wa upatu naye amewahi kutoroka na fedha, tena mara nyingi tu. Ikiwa kila kitu kinamtegemea yeye, si tumerudi palepale pa kumwamini mtu mmoja? Nadhani jibu liko kwenye kitu ambacho kompyuta inakifanya vizuri kuliko daftari: kuacha alama. Katika Wikipedia kila badiliko lina jina na saa, na lililofutwa linaweza kurudishwa. OpenStreetMap ni hivyohivyo. Orodha ya harusi, kinyume chake, hunakiliwa na kubandikwa upya kila mara, na mstari ukidondoka njiani mwenye jina ndiye pekee anayeweza kuugundua. Mwaka 2022 WhatsApp iliongeza ukubwa wa kundi kutoka watu 256 hadi 1,024 na kumpa admini uwezo wa kufuta ujumbe wa mwingine. Yaani mamlaka yaliongezwa, na umati ukaongezwa. Kumbukumbu ya nani alibadilisha nini kwenye hesabu haikuongezwa. Kijumbe wa simu anahitaji kuonekana anavyofanya kazi, apokezane na mwingine, na taarifa ya miamala isomwe na angalau mtu wa pili. Hayo hayahitaji utaalamu mkubwa, yanahitaji kamati ikubali kwamba ni kazi.

Serikali zetu zimemwona kijumbe pia, lakini zimemwona kama mtu wa kukamatwa. Julai 2017, wiki chache kabla ya uchaguzi, Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya pamoja na tume ya uwiano na utangamano, NCIC, zilitoa mwongozo uliowataka maadmini wasimamie yanayosemwa kwenye makundi yao. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za Tanzania za mwaka 2018 ziliwatoza wenye kurasa na redio za mtandaoni ada za leseni zilizofikia takriban shilingi milioni mbili, mzigo uliowafanya wengine wafunge. Maxence Melo wa jukwaa la mtandaoni la JamiiForums alishtakiwa Desemba 2016, na miongoni mwa mashtaka ni kuzuia uchunguzi kwa kutotoa taarifa za watumiaji. Mtu anaweza kuwa na maoni yake kuhusu JamiiForums, na mimi ninayo, lakini sheria inayomtwisha mtunzaji lawama ya maneno ya kila mtu, kisha isimpe kinga yoyote anapohakiki kwa uaminifu, itampata mtunzaji wa aina moja tu: yule anayefuta kila kitu. Wenye busara watajiuzulu uadmini, na makundi yatabaki kwa wasiojali.

Wapo watakaosema kumlipa kijumbe kutaua moyo wa kujitolea, na kwamba shindano la Google ni ushahidi wa hilo. Mimi nalisoma shindano lile kwa namna nyingine: pesa ilifuata wingi wa makala, nao wingi ukaja. Ingefuata uhakiki, labda uhakiki ungekuja. Wafadhili wa miradi hii hupenda kugharamia uzinduzi, fulana na mafunzo ya siku tatu; fungu la miaka mitano ya kusahihisha ni adimu, kwa kuwa kusahihisha hakupigwi picha. Dar es Salaam ilikuwa na watu milioni 4.4 kwenye sensa ya 2012 na milioni 5.4 kwenye ile ya 2022. Ramani ya mitaro iliyochorwa katikati ya miaka hiyo huenda sasa inaonyesha wazi mitaro iliyokwisha kujengewa nyumba, na haionyeshi kabisa mitaro mipya. Halmashauri hutenga pesa za kuzibua mitaro. Zinaweza pia kutenga za vijana wawili kwa kila kata inayofurika, wenye mkataba na ujira unaojulikana, wa kuipitia mitaro hiyo kwa miguu kabla ya vuli na kabla ya masika na kuisahihisha ramani, kila sahihisho likibeba jina la aliyelifanya na la aliyelikagua.